Mlinzi Aliipata Wapi Z?

Msikilize mtangazaji wa mpira. Anayekaa golini humwita mlinda mlango. Anayecheza mbele yake humwita mlinzi. Kitenzi ni kimoja, linda, ila kwa wa kwanza d imebaki, kwa wa pili imegeuka z.

Tazama irabu inayofuata. Mlinda huishia na a, mlinzi na i. Jaribu mwenyewe kinywani. Ukitamka a, ulimi uko chini na hewa inapita bila shida. Ukitamka i, ulimi hupanda karibu na kaakaa, njia ikawa nyembamba. Hewa ya d ikiachiliwa kwenye mwanya huo hutoka kwa kukwaruza, na mkwaruzo huo ndio z. Ndivyo pia pika ilivyozaa mpishi, na fuata ikazaa mfuasi.

Maelezo mazuri, lakini sentensi moja ya stendi ya basi inayaangusha: “Nilindie mzigo wangu.” Hapo baada ya d ipo i, na d haikugeuka. Vilevile twasema pikia, wala hakuna asemaye pishia.

Kumbe zamani i zilikuwa mbili. Lugha mama ya Kibantu ilikuwa na irabu saba, na Mjerumani Carl Meinhof alizitofautisha i hizo katika kitabu chake cha 1899. I ya mtenda kazi, kama ya mlinzi, ilikuwa ile ya juu kabisa, yenye kubana hewa. Ile ya nilindie ilikaa chini yake kidogo, ikaiacha d salama. Baadaye Kiswahili kikaziunganisha, zikabaki irabu tano, na sababu ya z ikafichika. Kikuyu hakikuziunganisha: hadi leo huandika i na ĩ.

Ndugu za neno hili wako mbali. Kinyarwanda kina umurinzi, kwa z. Kizulu kina umlindi, d haijaguswa, na huko linda ni kungoja, kama ilivyo kwa Waganda. Mie sioni ajabu: kazi ya mlinzi wa usiku, sehemu kubwa, ni kungoja.

Wapo na mlezi na mtetezi, nao wana z, ingawa lea na tetea hazina d. Z yao ilitokana na l. Kiswahili kilikuwa na tabia ya kuidondosha l katikati ya irabu, lakini iliyotangulia i ile ya juu ilikwisha kuwa z, ikanusurika. Ukitaka kuiona l yenyewe, sema mtoto amelelewa.