Binti wa Mfalme wa Kusini
(Somo: Danieli 11:6)

Wapendwa, tunaposoma Danieli sura ya 11 wengi wetu huchoka upesi, kwa maana wafalme wa kusini na wa kaskazini ni wengi, wala hawatajwi majina. Leo tutazame mstari wa 6 peke yake. Humo yumo binti aliyepelekwa kwa mfalme wa kaskazini ili kuthibitisha mapatano. Wafafanuzi tangu zamani husema huyo ni Berenice, binti Ptolemy wa Pili wa Misri.

Kwanza, jamaa yake. Alexander Mkuu alipokufa mwaka 323 K.K., majemadari wake waligawana milki yake. Ukoo wa Ptolemy ulishika Misri. Ukoo wa Seleucus ulishika Shamu na nchi za mashariki. Koo hizo zilipigana mara kwa mara, na nchi ya Wayahudi ilikuwa katikati yao.

Pili, arusi yake. Vita vilipokoma mwaka 253 K.K., Berenice aliozwa kwa Antiochus wa Pili. Baba yake alimsindikiza mpaka Pelusium, mpakani mwa Misri. Kwa Wayunani wa wakati ule mali ya arusi ilitoka kwa baba wa bibi arusi, naye alipewa dhahabu na fedha nyingi hata akaitwa Mleta Mali. Mwandishi Polybius asimulia kwamba baba yake alimpelekea maji ya mto Nile, ili asinywe mengine. Bila shaka alimpenda. Lakini Antiochus alikuwa na mke tayari, Laodice, mama wa watoto wake. Huyo aliwekwa kando.

Tatu, mwisho wake. Mwaka 246 K.K. Ptolemy alifariki. Antiochus alikuwa amemrudia Laodice, naye akafa mwaka ule ule huko Efeso. Waandishi wa kale husema Laodice alimtilia sumu. Berenice alikuwa Antiokia na mwanawe mdogo. Kaka yake, Ptolemy wa Tatu, alikuja na jeshi kumwokoa, lakini alichelewa. Mama na mtoto walikuwa wameuawa. Vita vikaendelea mpaka mwaka 241 K.K., na Seleucus, mwana wa Laodice, akabaki na kiti cha enzi.

Tunajifunza nini? Wafalme wawili walitaka amani, na amani ni jambo jema. Lakini waliijenga juu ya machozi ya mwanamke mmoja, wakaitia muhuri kwa mwili wa mwingine. Amani hiyo haikudumu hata miaka kumi.

Sisi hatuozi mabinti kwa wafalme. Hata hivyo, tunapokaa katika vikao vya mahari, tukihesabu ng'ombe na fedha na kutafuta ukoo wa kutufaa, je, binti mwenyewe ameulizwa? Dhahabu ya Berenice haikumlinda, wala maji ya Nile hayakumfikishia msaada. Tusimpende binti yetu kwa zawadi tu, huku tumeliziba sikio letu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Ni nani walioumizwa na mapatano ya wafalme hawa wawili?
2. Katika jamaa yetu, binti hupewa nafasi ya kusema kabla posa haijajibiwa?
3. Tukimwoza binti, tunaendeleaje kumtunza akiwa mbali?