Kioo cha Mlango wa Land Rover Si Kioo cha Dirisha la Nyumba

Anayeishi upande wa juu wa Manyatta, kule mashamba ya chai yanapokaribia msitu wa Mlima Kenya, hahitaji kuelezwa kwa nini Land Rover za zamani bado zipo barabarani. Masika ikishaanza, barabara za udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na gari dogo lililopita vizuri mwezi wa Februari hubaki limeegeshwa karibu na lami. Land Rover hupanda tu, na kabeji, maziwa, mbolea na watu ndani. Wenyewe hutunza injini na springi. Vioo vya milango husahaulika mpaka kimoja kivunjike.

Somo la toleo hili ni kuhusu vioo hivyo: jinsi ya kuvibadilisha, na hasa ni kioo gani kiwekwe mahali pa kile kilichovunjika. Tunaposema kioo tuna maana ya kile cha dirisha la mlango, si cha kujitazamia wala saidi mira.

Land Rover za aina ya Series II, zilizoanza kutengenezwa 1958, na Series III, zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, zina milango ya nusu mbili. Nusu ya chini ni ya bati la alumini. Nusu ya juu ni fremu yenye vioo vinavyoteleza mbele na nyuma ndani ya reli, wala hakuna mkono wa kuzungusha. Nyingi za zinazotembea huku kwetu ziliunganishwa hapa hapa nchini, katika kiwanda cha Thika kilichoanzishwa 1974 kikiitwa Leyland Kenya. Ni gari lililobuniwa lifunguliwe na kufungwa na mwenyewe shambani, kwa spana chache. Vioo vyake ni bapa kabisa, havina mkunjo hata kidogo.

Ubapa huo ndio uliozaa tatizo. Kioo cha mlango wa Prado kimepinda, kwa hiyo hakuna anayefikiria kukikata kutoka kwenye kioo cha dirisha la nyumba. Cha Land Rover, mtu yeyote mwenye kalamu ya almasi ya kukatia vioo anaweza kukikata kwa dakika tano, na bei yake ni ndogo. Kikishawekwa, kwa macho hutaona tofauti. Kinateleza vizuri, kinazuia mvua, na mwenye gari anarudi nyumbani akiwa ameridhika.

Nina kovu kwenye mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo. Nilikuwa kijana, nimekaa kiti cha mbele cha abiria katika Land Rover ya mjomba wangu, tukitoka Kibugu na magunia ya viazi. Gari halikupinduka. Liliteleza tu, likalala upande kwenye mtaro, taratibu kabisa, kiasi kwamba mjomba alikuwa bado anacheka. Kioo kilivunjika vipande virefu vyenye ncha, na kimoja kikaupasua mkono wangu. Kilikuwa kioo cha nyumba, cha milimita 3, ambacho mjomba alikiweka mwaka uliotangulia ili aokoe pesa kidogo. Nilishonwa, nikapona, ila vidole viwili havina nguvu mpaka leo.

Kioo cha gari hakivunjiki hivyo, kwa sababu kimetengenezwa kwa njia nyingine. Kile cha milangoni huwa kimekazwa kwa moto, na mafundi wengi hukiita tempa. Kiwandani kwanza hukatwa kwa kipimo, kingo zikasagwa na matundu yakatobolewa. Kisha huingizwa kwenye tanuri na kupashwa joto la zaidi ya nyuzi 600 za selisiasi, kikatolewa na kupulizwa hewa baridi kwa nguvu pande zote mbili. Uso wa nje hupoa na kuganda kwanza, na sehemu ya ndani inapopoa baadaye hujivuta. Kioo hubaki kimejibana chenyewe, nje kikisukumwa na ndani kikivutwa. Ndiyo maana kina nguvu mara kadhaa kuliko cha kawaida, na kikipasuka mahali pamoja chote husambaratika kwa mpigo, kuwa chembe ndogo kama punje za mahindi. Chembe hizo zinaweza kukukwaruza, lakini si visu.

Jambo moja hufuata hapo: kioo kilichokazwa hakikatiki tena wala hakitoboki. Fundi akikuambia atapunguza kidogo kando ya kioo cha tempa ili kiingie kwenye fremu yako, basi ama hajui kazi au kioo hicho si tempa. Kikiguswa na kalamu ya almasi chote kitaishia sakafuni.

Aina ya pili ya kioo cha usalama ni ya tabaka, ile ya kioo cha mbele: vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa na karatasi ya plastiki katikati. Kikipasuka, vipande hubaki vimeng'ang'ania plastiki. Hiki kinakatika hata baada ya kutengenezwa, mradi fundi awe na ujuzi wa kukata pande zote mbili na plastiki iliyo katikati.

Utajuaje unachouziwa? Tazama pembeni. Kioo halali cha gari huwa na mhuri mdogo uliochomwa kwenye kona, usiofutika kwa kucha wala petroli. Mara nyingi utaona herufi E ndani ya duara pamoja na namba, na karibu yake 43R, ambayo ni namba ya kanuni ya kimataifa ya vioo vya magari. Vingine huandikwa wazi TEMPERED au TOUGHENED. Kama una miwani ya jua ya aina inayokata mng'ao, ivae na ukitazame kioo mchana kwa pembe: kilichokazwa kwa moto mara nyingi huonyesha madoadoa au mistari hafifu iliyopangika, na cha nyumba hakionyeshi kitu. Stika ya karatasi si ushahidi wa chochote.

Sasa kazi yenyewe. Vaa glavu nene na miwani ya kukinga macho, hata kama kioo kimepata ufa tu. Bandika selotepu pana juu ya nyufa zote ili kisikumwagikie. Fungua ndani ya mlango utafute bolti mbili zinazoishika nusu ya juu, zinazoshuka na kuingia ndani ya nusu ya chini. Katika magari ya huku nati zake karibu kila mara zimeshikwa na kutu. Zipake mafuta ya kulegeza kutu jioni, uzifungue asubuhi. Ukizilazimisha utakata bolti, na kazi ya saa moja itakuwa ya siku mbili. Nati zikitoka, nyanyua fremu yote juu uilaze kwenye meza yenye gunia au blanketi. Ni afadhali kufanya kazi hapo kuliko kupambana na mlango uliosimama.

Reli za vioo zimefungwa kwenye fremu kwa skrubu ndogo. Zile za chini ndizo huoza kwanza, na hapa ningependa msomaji akae kidogo. Ndani ya reli mna utepe wa kitambaa chenye manyoya, ambao kioo huteleza juu yake. Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu hujaa humo, na mvua ikija huwa tope. Tope hukwaruza kioo kinapotelezeshwa, hushikilia maji, na maji hula chuma cha reli. Reli ikishalegea, kioo huanza kugonga kila gari linapopita shimo. Kwa hiyo vioo vingi tunavyosema vimevunjwa na jiwe au tawi, kusema kweli vilivunjwa na reli mbovu. Jiwe lilikuja kumalizia tu. Ukiweka kioo kipya katika reli ileile iliyooza, utakuwa na kazi hiyohiyo tena msimu ujao. Badilisha reli na utepe wake pamoja na kioo. Chini ya fremu pana matundu madogo ya kutolea maji. Yazibue kwa waya. Kabla ya kurudisha fremu mlangoni, mwaga kikombe cha maji kwenye reli ya chini uone kama yanatoka. Usipake grisi ndani ya reli, kwa sababu vumbi huipenda grisi.

Kipimo cha kioo kipya kichukue kwa kadibodi ngumu, si kwa kukisia. Kata kadibodi iingie ndani ya reli ya juu na ya chini, kisha upunguze milimita 2 au 3 kwa urefu wa kwenda juu ili kioo kipate nafasi ya kuteleza. Weka alama mahali pa kishikio kama kinahitaji tundu. Pima pia unene wa nafasi iliyo ndani ya reli pamoja na utepe wake.

Ukiwa na kadibodi hiyo una njia tatu. Ya kwanza ni kununua kioo kilichotengenezwa tayari kwa Land Rover, chenye mhuri. Maduka ya vipuri Embu mjini yanaweza kukuagizia, na wengi huishia Kirinyaga Road, Nairobi. Ya pili ni karakana yenye tanuri, inayokata kioo kwa kipimo chako na kukikaza baada ya kukikata. Ya tatu ni kukata kioo cha tabaka, kingo zikasagwa vizuri. Tatizo la hii ya tatu ni unene: cha tabaka mara nyingi ni kinene kuliko cha asili, na kinaweza kukataa kuingia kwenye reli. Ndiyo sababu ulipima. Plastiki ngumu inayoonekana kama kioo haipasuki ovyo, lakini huchakaa kwa mikwaruzo upesi, na usiku taa za gari linalokuja hutawanyika humo usione barabara. Kwenye mlango wa dereva mimi siikubali.

Kwa Land Cruiser, Prado na nyingine zenye kioo cha kupanda na kushuka, maneno ni machache kwa kuwa kioo hupatikana tayari. Chomoa waya hasi wa betri kama madirisha ni ya umeme. Toa mkono wa kuzungushia, skrubu za kishikio na paneli ya mlango. Nyuma yake kuna karatasi ya plastiki iliyogandishwa. Ibandue polepole na uirudishe kazi ikiisha. Mafundi wengi huitupa, na baadaye mwenye gari hushangaa kwa nini zulia limelowa. Nyonya au zoa chembe zote zilizoanguka chini ndani ya mlango, la sivyo zitaziba matundu ya maji. Funga bolti za kioo kwa kulegeza, kipandishe karibu na juu kikae sawa kwenye raba, ndipo uzikaze.

Kwa vioo vilivyotumika, angalia kama pana namba ya gari iliyochongwa. Wakenya wengi huchonga namba zao kwenye vioo kwa sababu ya wizi. Namba ikiwa si yako, au ikiwa imekwanguliwa, kiache. Kushika mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Dai risiti, na uitunze.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, inataka gari na sehemu zake zote ziwe katika hali isiyoweza kuhatarisha watumiaji wengine wa barabara wala waliomo ndani. Waliomo ndani ni pamoja na yule mtoto uliyempa lifti hadi shuleni. Kuhusu bima, ile ya mtu wa tatu haitakulipia kioo. Ile kubwa mara nyingi ina kipengele cha kioo cha mbele. Muulize wakala, kabla ya kuvunjika, kama vioo vya milango vimo.

Ukilazimika kusafiri kabla ya kupata kioo, plastiki na selotepu ni sawa kwa mlango wa nyuma. Kwenye milango ya mbele acha wazi, uvae koti. Plastiki hukuficha saidi mira na boda boda anayekuja ubavuni.

Na vipande vya kioo cha zamani visimwagwe kando ya barabara wala kwenye nepia. Nyasi hizo hukatwa zikapelekwa kwa ng'ombe, na ng'ombe hachagui. Vitie kwenye debe au mkebe mgumu wenye kifuniko, andika KIOO juu yake, na umwambie anayezoa taka kilichomo kabla hajaubeba.