Alama ya Flati Ndani ya Maneno

Kwaya nyingi za Tanzania, na za Buswelu mkoani Mwanza zikiwamo, hujifunza nyimbo kwa maandishi ya sol-fa. Katika maandishi hayo noti ni herufi za kawaida: d, r, m, f, s, l, t. Noti ikipandishwa nusu toni hubadilishwa irabu tu, fa ikawa fe. Ikishushwa, ti huwa ta. Kwa hiyo mwandishi wa sol-fa hahitaji alama za pekee, isipokuwa kichwani mwa ukurasa, panapotajwa ufunguo: «Doh = B♭».

Hapo ndipo penye hatari. Alama hiyo ikipotea, husalia B tupu. Mpiga kinanda ataanzia kwenye mitetemo 247 kwa sekunde badala ya 233, na wimbo wote utapanda nusu toni. Waimbaji wa sauti ya kwanza watajua hivyo kooni kabla ya mwalimu kujua. Ikiwa nakala ya tarumbeta ilichapwa sawasawa, vyombo viwili vitagombana mbele ya watu.

Alama hupoteaje? Kompyuta haihifadhi maumbo ya herufi, bali huhifadhi nambari zake. Umbo hutolewa na fonti. Fonti za muziki za zamani, kama zile za programu ya Finale, ziliificha flati chini ya herufi b, shapu chini ya #, na alama ya kurudisha noti chini ya n. Mtunzi aliona B♭ nyumbani kwake. Kwenye duka la kuchapia lisilo na fonti hiyo ilitoka Bb. Hasara hiyo ni ndogo, kwani Bb husomeka. Lakini Bn haimwambii mtu kitu.

Siku hizi kila alama ina nambari yake katika Unicode: flati 266D, ya kurudisha 266E, shapu 266F. Alama # ni nyingine kabisa, nambari 0023. Mistari yake ya kulala imenyooka. Ya shapu imeinama, ili isimezwe na mistari mitano ya muziki. Hata hivyo, fonti isiyo na umbo la alama hutoa kisanduku kitupu, na kisanduku hakiimbiki.

Fonti za muziki zina kasoro nyingine: alama zake ni ndefu, hivyo flati moja yaweza kuutenga mstari mzima wa maneno na mwenzake. Ndiyo sababu Bravura, iliyotolewa mwaka 2013 pamoja na utaratibu wa SMuFL, ina ndugu yake, Bravura Text, iliyopimwa kwa ajili ya maandishi.

Katika MuseScore, programu isiyolipiwa, alama huchaguliwa kutoka dirisha la alama maalumu. Kinachopelekwa dukani kiwe PDF yenye fonti ndani yake, si faili la programu. Na kabla ya nakala arobaini kutolewa, itolewe moja, isomwe kichwani mwake.