SOMO LA ROBO HII: MAFAHALI WAWILI, MWALIMU MMOJA



Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Leo tunajifunza kwa mwalimu aliyewaweka pamoja, na wote wakanawiri. Ni Marie-France Dubreuil wa Montreal, Kanada.

1. Mchezo wenyewe
Watu wawili huvaa viatu vyenye bapa la chuma chini ya soli, wakacheza dansi juu ya barafu. Hawarushani angani. Alama hutokana na hatua za miguu, kufuata muziki, na jinsi wawili wanavyokwenda kama mtu mmoja. Dansi hii iliingia katika Olimpiki mwaka 1976.

2. Miaka ya kushindana
Dubreuil na mwenzake Patrice Lauzon walikuwa mabingwa wa Kanada kuanzia 2004 hadi 2007. Katika Olimpiki ya Turin, Februari 2006, Dubreuil alimponyoka Lauzon akiwa amebebwa, akaanguka vibaya. Walilazimika kujitoa. Mwezi uliofuata, mjini Calgary, walipata medali ya fedha ya dunia. Mwaka 2007, mjini Tokyo, wakapata fedha tena. Dhahabu ya dunia hawakuipata, wala medali yoyote ya Olimpiki. Walioana mwaka 2008.

3. Miaka ya kufundisha
Waligeukia ukocha, wakajenga shule Montreal. Mwaka 2014 walifika Wafaransa Gabriella Papadakis na Guillaume Cizeron, pamoja na kocha wao Romain Haguenauer, aliyejiunga na walimu wa pale. Mwaka 2015 vijana hao wakawa mabingwa wa dunia. Mwaka 2016 Wakanada Tessa Virtue na Scott Moir, mabingwa wa Olimpiki ya 2010, waliamua kurudi mashindanoni, nao wakachagua shule hiyo hiyo.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Wapinzani wakubwa duniani walikuwa na makocha wale wale. Kocha akionekana kupendelea upande mmoja, upande wa pili ungeondoka. Dansi zao hazikukatwa kwa kipimo kimoja: Wafaransa walicheza kwa piano ya Beethoven, Wakanada kwa muziki wa filamu ya Moulin Rouge.

Pyeongchang, 2018: Wakanada alama 206.07, Wafaransa 205.28. Dhahabu na fedha zote zilikwenda shule moja. Mwaka 2022, Beijing, Wafaransa nao walitwaa dhahabu.

4. Tunajifunza nini?
Kwanza, mtu anaweza kuwafikisha wengine mahali ambapo yeye hakufika. Pili, haki si kuwapa wote kitu kile kile, bali kumpa kila mmoja kinachomfaa. Tatu, mpinzani wa karibu hukunoa kila siku.

Maswali ya kujadili
a) Kwa nini wapinzani hawa walikubali mwalimu mmoja?
b) Ungekuwa kocha, siku ile ya 2018 ungeanza kwenda kwa nani: walioshinda, au walioshindwa kwa alama 0.79? Toa sababu.