Leseni ya uvuvi iishe lini?

Swali: Je, ni haki leseni ya mwaka ya kuvua kwa mshipi iishe Desemba 31 hata kwa aliyeinunua Septemba?

Jibu: Si haki hata kidogo, na California imekwisha kulikubali hilo. Kwa miaka mingi leseni zake za uvuvi wa burudani zilikoma Desemba 31, kwa hiyo aliyelipa mwanzoni mwa Septemba alipata miezi minne kwa bei ya kumi na miwili. Tangu 2023 leseni hiyo hudumu siku 365 kuanzia siku ya kununuliwa. England ilitangulia 2017, ilipoachana na ukomo wa Machi 31.

Tarehe moja kwa wote ina faida yake: mkaguzi haangaiki, na kanuni mpya huanza pamoja na leseni mpya. Wisconsin bado hufunga mwaka Machi 31, kabla majira ya kuchipua hayajachangamka. Texas hufunga Agosti 31, lakini huuza pia leseni moja inayohesabiwa tangu siku ya ununuzi. Kumwachia mvuvi achague namna hiyo ni uungwana.

Wavuvi wa biashara ni suala jingine. Wao hufuata misimu, hivyo tarehe moja huwafaa, mradi iangukie kipindi uvuvi umefungwa.