Somo la 31: Ufunguo na kufuli ndani ya mwili

Watoto, mmepata kumwona mtu mwenye rovu? Ni uvimbe mbele ya shingo. Zamani, katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, watu wengi walikuwa nao. Miaka ya 1960 waganga walikwenda huko kuchunguza. Waliona kwamba iodi ilikuwa haba sana katika chakula chao. Iodi ina kazi gani mwilini? Sikilizeni.

Shingoni mna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Tezi hiyo hutwaa iodi katika damu na kutengeneza homoni. Homoni ni mjumbe. Damu humchukua mpaka kila upande wa mwili, naye huamuru mwili ukue, upate joto, na ubongo wa mtoto ujengeke vema.

Amri hiyo hupokewaje? Ndani ya chembe za mwili mna vipokezi. Kipokezi ni kama kufuli, homoni ni kama ufunguo. Ufunguo wa sanduku haufungui mlango wa nyumba.

Tena, funguo mbili zaweza kuingia katika kufuli moja, lakini zisishike sawasawa. Tezi hutoa zaidi homoni yenye atomi 4 za iodi. Waganga huiita T4. Hiyo hushika kipokezi kwa ulegevu. Kisha mwili huiondolea atomi moja, zinabaki 3: ndiyo T3. Nguvu yake ya kushika kipokezi yapata mara 10 ya ile ya T4. Kwa hiyo T3, ijapokuwa ni chache katika damu, ndiyo ifanyayo kazi kubwa. Si wingi wa funguo unaofungua mlango, bali ufunguo unaolingana na kufuli.

Je, iodi ikikosekana? Mfua chuma asiye na chuma hafui ufunguo. Kufuli ni nzima, lakini hakuna wa kuifungua. Tezi nyingine, iliyo chini ya ubongo, huhimiza tezi ya shingo ifanye kazi zaidi. Hiyo hujitahidi, huvimba: ndilo rovu. Basi msimcheke mwenye rovu, wala msiseme amelogwa. Msiba mkubwa zaidi ni wa mtoto aliye tumboni mwa mama. Akikosa iodi, aweza kuzaliwa kiziwi, au asikue vizuri mwili na akili. Na dawa ya baadaye hairudishi yote.

Kinga ni rahisi. Iodi anayohitaji mtu mzima kwa miaka 70 haitimii gramu 4, lakini apate kidogo kila siku. Tumieni chumvi yenye iodi. Ifunikeni, isipate jua wala maji. Mihogo michungu iloweke siku kadhaa kabla ya kupikwa, maana sumu yake huzuia iodi isiingie katika tezi.

Maswali
1. Tezi ya shingo hutengeneza nini kwa iodi?
2. T4 na T3, ipi hushika kipokezi kwa nguvu zaidi?
3. Kwa nini tezi huvimba iodi ikikosekana?
4. Nyumbani kwenu chumvi huwekwa wapi?