Pole kwa Mwili: Somo la Dakika Tano Baada ya Sala ya Mwisho



Mtu akijikwaa njiani mbele yetu, hata kama hatumfahamu, neno la kwanza kututoka ni "pole". Hatumuulizi kwanza kwa nini hakuangalia chini. Lakini tukijikwaa sisi wenyewe tunajiita wajinga, na tukichoka tunajiambia "jikaze". Neno hili tunalipenda mno. Anaambiwa mfiwa, anaambiwa mwanafunzi usiku wa kuamkia mtihani, anaambiwa frateri aliyepokea habari mbaya kutoka nyumbani. Na mwili, kwa utiifu wake, unalitii neno hilo kama lilivyo: unakaza. Meno yanaumana, mabega yanapanda kuelekea masikioni, tumbo linakuwa gumu, pumzi inaishia juu kifuani.

Katika miaka yetu ya falsafa tulikuwa na mwenzetu aliyeumwa kichwa kila jioni kwa muhula mzima. Alipimwa, malaria hakuna, macho mazima. Sisi tukamshauri asali zaidi, naye akasali zaidi, amepiga magoti huku taya zimebana. Siku moja mlezi wetu alimwuliza swali ambalo hatukulitegemea: mabega yake yako wapi wakati ule? Akayashusha, na machozi yakamtoka. Baba yake alikuwa mgonjwa sana nyumbani, naye hakuwa amemwambia mtu. Hatusemi kwamba kushusha mabega kulimponya. Tunachosema ni kwamba mwili wake ulikuwa umeitangaza habari ile tangu mwanzo wa muhula, na sisi tuliokula naye meza moja hatukuisoma. Wala yeye mwenyewe hakuisoma.

Daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, alichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na mwaka 1929 akachapisha kitabu juu ya kulegeza misuli. Hoja yake ni nyepesi kueleweka. Mtu aliyezoea kukaza misuli hajui tena kwamba amekaza. Ukimwambia alegee, hajui alegeze nini. Basi kwanza akaze kwa makusudi, ausikie mkazo wenyewe, kisha aachie na kusikia tofauti.

Tujaribu hivi. Tukae kitini, nyayo zote mbili sakafuni, au tulale chali. Tukunje ngumi ya mkono wa kulia kwa nguvu ya kadiri, tuhesabu polepole hadi tano, kisha tuiachie mara moja. Tusikimbilie mkono wa pili. Tukae hapo kidogo tukisikiliza: je, kiganja kina joto? Kizito? Kinawasha? Hakuna jibu la kupata au kukosa. Halafu mkono wa kushoto. Halafu tuyapandishe mabega hadi karibu na masikio, tuhesabu, tuyaachie yaanguke. Halafu uso: tukunje paji, tuume meno kidogo, tuachie, ulimi ulale chini mdomoni. Wengi wetu hapo ndipo tunapogundua kwamba ulimi ulikuwa umesukuma meno tangu asubuhi. Miguu tuikaze kidogo tu, maana vidole vikikunjwa kwa nguvu msuli hubana na kuuma, na zoezi linaishia kwa kelele bwenini.

Kuhusu pumzi, kuna jambo moja la kujua. Tunapovuta pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, tunapoitoa hupunguza. Ndiyo maana anayeitoa taratibu, kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, hutulia. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika njia yake ya tatu ya kusali, anafundisha kuisali Baba Yetu neno moja kwa kila pumzi. Mtu aliyemaliza mikono na mabega anaweza kuingia moja kwa moja katika sala hiyo.

Sasa lile linalotushinda. Baada ya dakika mbili tutakuta mabega yamepanda tena, na mara tutaanza kujigombeza kwamba hata kupumzika hatuwezi. Hapo ndipo pa kutumia neno tunalowapa wengine. Pole, mabega. Tuyashushe tena, bila hasira, hata mara kumi. Anayeona aibu kusema hivyo aweke kiganja kifuani tu, inatosha.

Mafrateri wengine watauliza kama huku si kujidekeza. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, alipoorodhesha dawa za huzuni, pamoja na machozi, marafiki na kuitafakari kweli, alitaja pia usingizi na kuoga. Na Mtakatifu Fransisko, aliyeutesa mwili wake kwa mifungo mikali, inasimuliwa kwamba alipokaribia kufa alikiri kuwa alimkosea sana Ndugu Mwili. Eliya naye alipoomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Hata hivyo tusichanganye mambo. Barua ya Vatikano ya mwaka 1989 kuhusu tafakari ya Kikristo inakubali kwamba mkao wa mwili una nafasi yake katika sala, lakini inaonya kwamba utulivu unaoletwa na mazoezi ya mwili usidhaniwe kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu. Misuli iliyolegea ni misuli iliyolegea. Sala inabaki kusaliwa.

Aliyewahi kupigwa au kuumizwa mwilini anaweza kufumba macho na kukutana na hofu badala ya utulivu. Huyo asijilazimishe. Afumbue macho, akanyage sakafu, atazame kitu kilicho mbele yake, na amtafute mtu wa kuzungumza naye. Maumivu ya kichwa au kifua yasiyokwisha yapelekwe hospitali, si kitini.

Kwa wiki hii tunapendekeza mikono na mabega tu, dakika tano baada ya Sala ya Mwisho. Akina mama wa jumuiya zetu, wanaofika kitandani saa tano usiku wakiwa bado wanahesabu ada za watoto, waanze wakiwa wamelala. Wakipitiwa na usingizi kabla ya mkono wa kushoto, waendelee kulala.